Yaya Nyumbani na Mshahara Unaozuiliwa



Wasomaji wetu wapenzi, mwezi uliopita tulikuwa tumekaa kivulini hapa Chole, tukiingojea mashua itokayo Utende, akashuka mama mmoja tumjuaye, mkaazi wa Kilindoni, mwenye kazi yake ya ofisini na watoto wawili wadogo. Alitusalimu, akaketi, na kabla hajanywa hata maji akatuuliza suala ambalo, kwa kusema kwake, lilikuwa limemnyima usingizi. Yaya wake, binti wa hapa hapa Chole aliyekaa naye mwaka mmoja na miezi minne, ameomba ruhusa ya kuja kwao kwa wiki mbili, kwa arusi ya dada yake. Mama huyu haikatai arusi. Achelealo ni kwamba binti akishapanda mashua na mshahara wake mkononi hatarudi tena, kama walivyofanya wawili waliomtangulia. Naye hana mtu mwingine wa kumwachia mtoto. Basi akauliza: Je, yafaa katika sharia kumzuilia binti mshahara wa mwezi mmoja, si kwa kumdhulumu, bali ampe siku atakaporudi, uwe kama rehani?

Tulimjibu papo hapo kwa neno moja, kuwa haifai. Walakini neno moja halitoshi, na tangu siku ile limekuwa likiturudia. Wafanyao hivyo ni wengi, na wengi wao ni watu wema, wenye kusali na kufunga, wala hawadhani kuwa wametenda lolote la kuulizwa. Kwa hiyo maneno yetu juu ya adabu za msikitini tuliyoyaanza mwezi uliopita tunayaweka kando, tutayarudia inshallah, na mwezi huu tumzungumze yaya.

Huenda msomaji wa mjini akastaajabu. Chole ni kisiwa kidogo, hakina motokaa, na watu wake ni wavuvi, wakulima na mafundi wa vyombo; nani huku aajiriye yaya? Jawabu ni kwamba wenye kuajiri huku ni wachache mno. Sisi ndio tuwatoao. Binti akimaliza darasa la saba, au akianza sekondari asiimalize, hutokea jamaa, au rafiki wa jamaa, akamvusha Utende, akafika naye Kilindoni, na pengine akamvusha tena hata Nyamisati na kufika naye Mbagala, na huko akakabidhiwa mtoto wa watu amlee. Na papo hapo wako wenetu wengine waliobahatika kusoma wakapata kazi, wakawa wao ndio wenye kuajiri. Nyumba moja ya Chole yaweza kuwa na binti aliye yaya na dada yake mwenye yaya. Kwa hiyo twalitazama jambo hili tukiwa pande zote mbili za maji.

Liko na jingine. Kisiwa hiki kilikuwa mji. Wenye mashamba makubwa ya minazi ya Mafia walikaa hapa, na minazi ile ilipandwa na kutunzwa na watumwa walioletwa kutoka bara, wengi wao kwa njia ya Kilwa. Wajerumani walipokitwaa kisiwa baada ya mapatano ya 1890 waliweka boma lao hapa Chole, mpaka makao yalipohamishiwa Kilindoni mwaka 1913. Magofu yangali yapo, miti imeyakumbata kwa mizizi yake. Na katika Tanganyika utumwa haukufutwa kabisa kwa sheria mpaka mwaka 1922, zama za Waingereza. Hiyo si zamani sana. Baadhi ya wazee waliotufundisha sisi alifu na be walizaliwa kabla ya mwaka huo. Sheria hufuta jina la mjakazi kwa siku moja, ila tabia za kukaa na mjakazi hubaki katika nyumba kwa muda mrefu, zikarithiwa na hata watu ambao babu zao ndio waliokuwa wakitumikishwa. Kumwita mtu kwa kupiga makofi. Kumwekea sahani yake mbali, iliyotoboka. Kumwamsha usiku wa manane kwa ajili ya glasi ya maji iliyo karibu na mkono wa mwenye kuitaka: mambo haya wapo wayaitao heshima ya nyumba. Sisi twaona ni mabaki ya zama zile, wala hayakutoka katika dini.

Maana katika dini kazi ya kulea mtoto wa mtu ina cheo kikubwa. Asomaye Surat al-Qasas ataona jinsi Nabii Musa, alayhi salaam, alivyokataa matiti ya wanyonyeshaji wote katika nyumba ya Firauni, mpaka dada yake aliyekuwa akimfuata kwa mbali akawaelekeza kwa watu wa kumlea. Na aliyeletwa akawa mama yake mwenyewe, asijulikane. Wafasiri husimulia kwamba alilipwa ujira kwa kazi ile. Kadhalika katika Surat al-Baqara Mwenyezi Mungu Mtukufu ameruhusu wazazi wampe mtoto wao mnyonyeshaji mwingine, kwa sharti kwamba watoe walichoahidi, tena kwa wema. Hebu itazamwe sharti hiyo ilivyowekwa karibu na ruhusa yenyewe.

Na Mtume wetu, sala na amani ziwe juu yake, alilelewa na wanawake wengine mbali na mama yake. Halima wa Bani Saad anajulikana kwa kila mtoto wa chuoni. Lakini tunapenda zaidi kumtaja Umm Ayman, jina lake Baraka, Mhabeshi, aliyekuwa mtumishi wa nyumba yao. Mama wa Mtume alipofariki njiani, mahali paitwapo Abwa, mtoto akiwa na umri wa miaka 6, aliyemshika mkono akamrejesha Makka kwa babu yake ni huyu Baraka. Hakumsahau maisha yake yote. Alikuwa akimzuru, akimhesabu kuwa ni mama yake baada ya mama yake. Na baada ya kufariki kwake Mtume, Abu Bakr na Umar walikwenda kumzuru bibi huyu kwa kuwa yeye alikuwa akimzuru. Makhalifa wawili wakaenda nyumbani kwa yaya! Mwenye kuona haya kumwuliza yaya wake khabari za mama yake mgonjwa na aikumbuke safari hiyo.

Na Anas bin Malik, aliyeingia utumishini mwa Mtume akiwa na umri wa miaka 10 hivi na akakaa miaka 10, amepokea kwamba hakuambiwa hata siku moja neno la kuudhiwa, wala hakuulizwa kwa nini umefanya hili, au kwa nini hukufanya lile. Twamwomba msomaji asiipite haraka khabari hiyo. Mtoto wa miaka 10 huvunja vitu. Husahau alikotumwa, akasimama kuangalia wenzake wakicheza. Na Anas mwenyewe amesimulia kuwa lilimtokea hilo, na Mtume akamjia kwa nyuma akicheka.

Sasa tuje kwetu. Tunayo khabari ambayo hatuiandiki kwa kupenda, ila mwanetu mwenyewe ametupa ruhusa, akasema huenda ikamfaa mtu.

Miaka michache iliyopita mwanetu huyo wa kike, mwenye kazi yake Kilindoni, alijifungua mtoto wa kwanza. Zile siku 84 za likizo ya uzazi zilipokaribia kwisha, alitutuma tumtafutie yaya. Tukampata binti wa hapa, umri wake miaka 18, yatima wa baba, mwanafunzi wetu wa madrasani, mwenye sauti nzuri ya kusoma. Tulikwenda sisi wenyewe kwa mama yake, tukaketi juu ya mkeka, tukasema: mwanao atakwenda kukaa kwa dada yake. Neno hilo la "dada yake" ndilo tulilolitumia, na leo twajua kuwa ndilo lililokuwa kosa la kwanza. Halikuwa la uwongo, tulikusudia wema. Walakini liliifunika mikataba yote. Mshahara tulitaja kwa mdomo tu. Siku ya kulipa hatukuitaja, wala kazi zenyewe, wala siku za kupumzika. Nani mwenye kuandikiana na dada yake?

Mwezi wa kwanza binti alilipwa kamili. Wa pili alilipwa nusu. Tangu wa tatu aliambiwa, "Nakuwekea, zikusanyike upate kitu cha maana." Naye akasema ndiyo. Binti aliye katika nyumba ya watu, ng'ambo ya maji, anayekula chakula chao na kulala chini ya paa lao, hana jawabu jingine la kutoa ila ndiyo. Wakati ule mwanetu na mumewe walikuwa wakiezeka nyumba yao. Hatusemi kuwa walikusudia kumla. Walichukua kidogo cha misumari, wakisema mwisho wa mwezi tutarudisha. Kisha wakachukua ya mabati mawili. Kisha hesabu ikawapotea. Fedha ya mtu mwingine ikikaa katika sanduku la mwenye shida haikai muda mrefu, na hili twalijua sote tuliowahi kuwekewa amana za watu.

Siku moja baada ya alasiri, watoto wamekwisha kutawanyika, yule binti akaja barazani petu na mkoba mmoja. Akatuamkia, tukamwitikia. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema: "Mwalimu, ulitufundisha kuwa mwajiriwa apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Nauliza tu, jasho la miezi minne hukauka lini?"

Hakusema kwa ukali, wala kwa kejeli. Alikuwa akiuliza kama alivyozoea kuuliza darsani. Sisi tukajifanya tunatafuta miwani.

Kesho yake tukavuka. Mwanetu alilia, akasema binti hakumwambia hata mara moja kuwa ana haja ya fedha. Tukamwambia kuwa mwenye haki yake hana lazima ya kuiomba. Fedha yenyewe haikuwapo tena. Ilikuwa juu ya paa. Ililipwa kwa mafungu mawili, na fungu la pili tulilitoa sisi katika fedha ya nazi zetu, kwa kuwa sisi ndio tuliokwenda kuketi juu ya mkeka wa mama yake. Binti alipokea, akashukuru, akakataa kurudi. Na mtoto, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anaanza kusimama kwa kushika ukuta, alimtafuta nyuma ya mlango wa jiko kwa siku nyingi. Yeye hakuwa na kosa lolote, naye ndiye aliyelipa zaidi.

Basi ndiyo sababu tukamjibu yule mama upesi vile. Kuzuia mshahara ili mtu arudi ni kumshika mtu kwa haki yake mwenyewe. Tena imepokewa katika Bukhari, katika hadithi qudsi, kuwa Mwenyezi Mungu atakuwa mshitaki wa watu watatu Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni aliyemwajiri mtu, akaichukua kazi yake kamili, asimpe ujira wake. Asidhani mtu kuwa kwa kusema "nitampa akirudi" ametoka katika hatari hiyo. Na asiporudi je? Mshahara wa mwezi uliokwisha umekwisha kuwa wake, kama kanzu yake ilivyo yake.

Twamjua msomaji atakayesema: Na sisi waajiri je? Tunaachwa ghafla, mtoto hana wa kumshika, tukakosa kazini. Kweli, na hilo nalo ni dhuluma binti akilifanya pasipo kuaga. Dawa yake ni mapatano yaliyo wazi tangu siku ya kwanza. Mzee wa Madyan alipotaka kumwajiri Musa hakumwambia "kaa hapa kama mwanangu, tutaangaliana." Alimtajia miaka 8, na 10 ikiwa ni kwa hiari yake, akamwambia kuwa hataki kumtaabisha, na Musa akayarudia masharti kwa ulimi wake, na Mwenyezi Mungu akawa shahidi wao. Na wote wawili walikuwa watu wa kuaminiana! Kabla ya hapo binti wa mzee yule alikuwa amesema kuwa mbora wa kuajiriwa ni mwenye nguvu na mwaminifu. Wengi wetu twataka nguvu na uaminifu kwa yaya, tukasahau kuwa yaliyofuata hapo ni masharti.

Sheria ya nchi nayo haiko mbali na hayo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamhesabu mtumishi wa nyumbani kuwa ni mwajiriwa kama wengine. Inamtaka mwajiri ampe maelezo ya kazi yake kwa maandishi, na akiwa hayafahamu, aelezwe mpaka afahamu. Saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa wiki; apate mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki; na likizo ya siku 28 yenye malipo kwa mwaka. Alipwaye kwa mwezi, na aliyekwisha kupita mwezi wa kwanza kazini, taarifa ya kuachana naye haipungui siku 28; na taarifa hiyo humfunga yeye vile vile kama imfungavyo mwajiri, na hapo ndipo penye kinga ya yule mama wa Kilindoni, wala si katika mshahara uliozuiliwa. Ama kima cha mshahara, amri iliyotoka 2022 na kuanza kutumika Januari 2023 iliweka kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mtumishi alalaye katika nyumba ya mwajiri wa kawaida, na shilingi 120,000 kwa asiyelala hapo. Katika amri ya 2013 iliyotangulia ilikuwa 40,000 na 80,000. Amri hizi hubadilishwa kila baada ya muda, basi mwenye kuajiri aulize ofisi ya kazi kima cha mwaka wake. Kipo pia chama cha CHODAWU, ambacho watumishi wa majumbani na wa mahoteli huweza kujiunga nacho.

Na mtoto aliye chini ya miaka 14 haajiriwi kabisa. Twalisema hili kwa wazazi wa Chole na Juani na Jibondo kwa uwazi: yule mgeni ajaye na zawadi ya kanga na sukari, akasema atamsomesha mwanao mjini, mwulize jina la shule na siku ya kuanza. Wako waliokwenda kusomeshwa, wakarudi hawajui hata kusoma kile walichokijua siku walipoondoka.

Sasa kazi yenyewe. Yaya ameajiriwa kulea. Lakini katika nyumba nyingi yaya huyo huyo ndiye apikaye, afuaye, achotaye maji, aendaye sokoni, kisha usiku akalala na mtoto mchanga anayeamka mara tatu. Asubuhi mama akimkuta amesinzia mtoto anatambaa kuelekea jiko la mkaa, humwita mvivu. Mhesabie saa zake mwenyewe, kwa kalamu. Mtume ameagiza, katika hadithi ya Abu Dharr, kwamba watumishi ni ndugu zetu, wale tulacho, wavae tuvaacho, wasitwikwe wasichokiweza, na wakitwikwa wasaidiwe. Neno hilo la mwisho tunaliona halisomwi sana. Baba arudipo jioni akamshika mtoto nusu saa ili yaya asali magharibi kwa utulivu na kula chakula chake kikiwa moto, hakupungukiwa ubaba wake.

Juu ya chakula hatutasema mengi, kwa kuwa ni aibu kusema. Ale kilichopikwa. Aliyekaanga samaki kwa mikono yake asipewe mchuzi mtupu.

Ila juu ya kukosoa tutakaa kidogo. Yaya atakosea. Ataunguza nguo; atasahau kumpa mtoto dawa; atashikilia simu wakati uji unachemka. Mama mwenye busara humwita pembeni, akamweleza lililo kosa na namna atakavyo lifanywe, na mtoto hayupo. Maana mtoto wa miaka 3 akimsikia mama yake akimtukana yaya, kesho yake naye atamtukana kwa maneno yale yale, kwa sauti ile ile. Na mtoto aliyejifunza kumdharau amleaye, vipi atamtii wakati mama hayupo? Tumewaona watoto wa namna hiyo madrasani kwetu. Huletwa wakiwa na umri wa miaka 6, wazuri wa kusoma, lakini ukiwaambia wapokee ndoo ya maji kwa bibi mtu mzima hutazama nyuma, kutafuta mtumishi.

Kuna mama wengine ambao hawaudhiki na kosa la yaya, huudhika na wema wake. Mtoto akianguka hulilia yaya. Jioni yaya akiaga, mtoto hulia, na mama aliyerudi na zawadi akaachwa amesimama. Ni jambo chungu, twalikubali, na mama asione haya kuwa limemuuma. Lakini asimwadhibu yaya kwalo, wala asimbadilishe kila miezi mitatu ili mtoto asizoee. Mtoto apendwaye na watu wawili hakupunguziwa mama. Na mwezi wa Mtume wetu alipozaliwa tunaposomewa sifa zake, tukumbuke ni mikono mingapi iliyombeba.

Liko jambo zito ambalo magazeti ya dini huona haya kulitaja, na haya hiyo imewadhuru wengi. Binti wa kazi si maharimu wa mwenye nyumba, wala wa watoto wake wakubwa wa kiume, wala wa wageni walalao ukumbini. Hukumu ya faragha baina ya mwanamume na mwanamke haikuondolewa kwa sababu mwanamke yule ni mtumishi. Apewe mahali pake pa kulala penye mlango ufungikao kwa ndani. Na mama anaposafiri, asimwache peke yake na wanaume wa nyumba. Ikiwa binti amesema kuwa ameguswa, asikilizwe kwanza kabla ya kuulizwa alikuwa amevaa nini. Tumewahi kuona binti akirudishwa kwao na mashua ya asubuhi ili nyumba isiaibike, na mwenye kutenda akabaki na nyumba yake. Vituo vya polisi vina dawati la jinsia na watoto, na kwa aliye chini ya miaka 18 iko namba ya simu 116, haina malipo. Wazazi wamfundishe binti namba hiyo kabla hajapanda chombo, kama wanavyomfundisha dua ya safari.

Nawe binti yetu usomaye haya, au usomewaye: mtoto uliyekabidhiwa ni amana. Akianguka, sema ameanguka, hata ukichelea kugombezwa, maana aliyeficha kuanguka kwa mtoto humcheleweshea tabibu. Usimpe dawa ya kumlaza. Siri za nyumba ziache nyumbani. Na ukitaka kuondoka, aga mapema, kwa ulimi wako, usitoroke alfajiri. Hata aliyekudhulumu, mtoto wake hakukudhulumu.

Twakumbuka mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilipotoa taarifa juu ya wanawake wa Tanzania waliokwenda kufanya kazi za nyumbani Oman na Falme za Kiarabu: waliozuiliwa pasi zao, waliokosa mishahara, waliofanyishwa kazi tangu alfajiri mpaka usiku bila siku ya kupumzika. Barazani petu watu walikasirika sana, na walistahiki kukasirika, kwa kuwa waliotenda hayo wanasali kibla kimoja nasi. Mzee mmoja aliyekuwa akishona tanga alisikiliza yote, kisha akauliza kama mshahara uliozuiliwa Maskati na uliozuiliwa Kilindoni una tofauti gani. Hakujibiwa, mazungumzo yakahamia bei ya pweza.

Nyumbani kwa mwanetu sasa yuko yaya mwingine. Liko daftari limetundikwa kwa uzi karibu na kabati la vyombo. Upande mmoja tarehe na fedha iliyotolewa, upande wa pili jina la binti kwa mkono wake. Fedha hutolewa tarehe 28. Akitaka kuwekewa, hutuma mwenyewe kwa simu kwa mama yake. Mwanetu anasema mwezi wa kwanza aliona kama anafanya biashara na mtu wa nyumbani mwake, na mwezi wa tatu akagundua kuwa wanazungumza zaidi kuliko alivyozungumza na yule wa kwanza, kwa kuwa hapana jambo wanaloliogopa kulitaja.

Ama yule mama wa gatini, alimpa binti mshahara wake wote, na nauli, na kanga ya arusi, wakaandikiana siku ya kurudi. Arusi ilikuwa Alkhamisi. Jana tulimwona binti chini ya mkungu pamoja na shangazi zake wakisuka ukili na kucheka, na siku waliyoandikiana ni keshokutwa. Mama amekwisha kutupigia simu mara mbili kutuuliza kama tumemsikia akisema neno. Tumemjibu kuwa hatukumwuliza, na kwamba mashua ya Utende huondoka kila asubuhi.